Hatukimbii, Tunahama

Mwaka nilioamua kuhama Marekani, nilichoshwa na swali moja: unakimbia nini? Waliniuliza kanisani, waliniuliza msibani, hata dada aliyekuwa ananisuka sebuleni aliniuliza huku amenishika kichwa, sina pa kwenda. Nikamjibu, "Sikimbii kitu. Nimetaka." Akauvuta msuko mpaka machozi yakanilenga.

Ngoja nieleze mambo yalivyokuwa. Mimi ni mkalimani wa simu. Nakaa chumbani kwangu Hyattsville, jimbo la Maryland, naweka vipokea sauti masikioni, na daktari wa Texas au karani wa mahakama wa Ohio ananipigia akiwa na mtu mbele yake asiyeelewana naye. Yeye anasema Kiingereza, mtu anasema Kiswahili, na mimi niko katikati. Kazi yenyewe haijali nimekaa wapi, mradi mtandao usikatike na mlango uwe umefungwa. Basi nikajiuliza, kama kazi haijali, mimi nimeng'ang'ania nini hapa?

Tulikuwa ghorofa ya tatu, mimi na mama yangu mzazi, wawili tu. Mama ni mtu wa soko. Anapenda kuchagua nyanya kwa mkono wake, kubishana bei, kumtukana muuzaji kidogo na kurudi kwake kesho. Huku kwetu kufuata unga wa mhogo ni mabasi mawili, na baridi ikianza mama anakaa dirishani mpaka baridi iishe, akiangalia magari ya watu. Nikaanza kusoma habari za nchi zinazotoa vibali vya kuishi kwa watu kama mimi, wanaofanya kazi kwa mtandao na mshahara wao unatoka nchi nyingine. Morisi wanavyo. Uhispania wanavyo. Kenya nao wameanzisha. Mwisho nikaamua Ureno, kwa sababu walikubali niende na mzazi anayenitegemea, na kwa sababu niliona picha ya mji mdogo wenye soko chini ya nyumba.

Rafiki yangu, muuguzi Mkenya anayekaa Woodbridge, aliposikia alikuja mbio na gari lake.

"Aki wewe! Watu wanauza shamba ya baba yao ndio waingie huku, na wewe uko na pasipoti unatoka?"

"Hiyo pasipoti ndiyo itakayonitoa."

"Kama ni lazima si uende Nairobi basi, angalau kuna watu wetu."

"Nairobi nilipita bila karatasi enzi za kambi ya wakimbizi, dada. Askari wenu wananijua."

Akacheka, maana ni kweli. Halafu akasema lile lililoniudhi: "Na shukrani je? Hawa watu waliwatoa kambini."

Nilimwambia, na leo narudia mbele ya yeyote anayetaka kusikia: nimeshukuru. Kabla ya kazi ya simu nimewageuza wazee wao kitandani, nimewaosha, nimewafunga macho walipokata roho watoto wao wakiwa mbali. Kodi nimelipa. Kiapo nimeapa, mkono juu. Sasa hiyo shukrani ina mwisho, au ni kifungo cha maisha? Jamani! Mtu wa hapa akihamia Ureno na kompyuta yake wanamuita mjanja. Nikihama mimi, nimekosa adabu.

Na kuna jambo hawakulielewa. Maishani mwangu sikuwahi kuchagua nchi. Kongo nilizaliwa tu. Tanzania tuliingia kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yetu. Marekani jina letu lilibandikwa ubaoni kambini Kigoma, mimi na mama, Maryland. Sikujua hata kama Maryland ni mji au ni jina la mama fulani atakayetupokea. Safari hii nilitaka niseme mwenyewe: kule.

Siku ya miadi ya ubalozi wa Ureno tulishuka mjini Washington, mama amevaa kitenge chake kizuri. Bwana mmoja nyuma ya kioo alifungua pasipoti yangu, akaona nilikozaliwa, akamtazama mama.

"Mlikuja hapa kama wakimbizi?"

"Ndiyo."

"Na sasa mnakimbilia kwetu," akasema na kutabasamu. Nadhani alitaka tu kutania.

Mimi sikutabasamu. "Bwana, angalia tena hizo karatasi. Mkimbizi haji na barua ya kazi, bima ya afya na mkataba wa nyumba. Mimi nahama, kama wanavyohama watu wenu."

Masikio yakamwiva. Akageuza kurasa moja moja, kwa heshima sasa, akampitishia mama karatasi za kutia sahihi. Mama akatia zote bila kuuliza hata moja inasema nini. Ndivyo alivyozoea kambini: kikipita chini ya kioo, unatia sahihi. Nilimweleza kwenye basi, akaitikia, "Sawa, mama." Huniita mama, maana jina nililopewa ni la mama yake.

Vibali vilipotoka niliingia jikoni nikiruka. Mama alikuwa anasonga bugali.

"Mama, wamekubali! Mwezi ujao tunaondoka!"

Akazima jiko. "Sawa," akasema. Nikacheza peke yangu hapo jikoni.

Asubuhi hakutoka chumbani. Nilipoingia nilimkuta amelala amevaa sweta na vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Nikafunua blanketi miguuni. Alikuwa na viatu, kamba zimefungwa. Pembeni ya kitanda palikuwa na furushi: sufuria ndogo, chumvi, unga, kiberiti.

Mimi ninayelipwa kuchagua maneno! "Tunaondoka" ndilo neno alilolisema marehemu baba mlangoni siku tuliyotoka kwetu, nami nikiwa mgongoni mwa mama. Nimesimuliwa: hilo tu, hakuongeza lingine.

Mama akafumbua macho, akaketi. "Tunaenda sasa? Nani banatufukuza saa hii?"

Nilitaka kulia, hasira ikatangulia. Nilizikasirikia nchi zote, na ile niliyoichagua pia. Nimebishana na kanisa zima kwamba sikimbii, na ndani ya nyumba yangu mama yangu analala tayari kukimbia! Kumwacha peke yake siwezi. Kumpeleka hivi, amebeba kiberiti, pia siwezi. Ningekuwa nimemfanya mkimbizi kwa mara ya tatu, tena mimi mwanawe.

Nikakaa sakafuni. "Mama, hakuna anayetufukuza. Tunahama. Na kama hutaki, hatuhami. Navichana hivyo vibali leo, tunabaki Hyattsville, basi."

"Uchane karatasi?" Alishtuka kweli. Kwa mama, karatasi haichanwi.

"Nachana. Niambie wewe. Unataka kwenda?"

Akaliangalia furushi lake. "Kuna mwezi muzima?"

"Mwezi mzima, mama."

"Basi naweza kuaga."

"Utaaga. Aga kila mtu."

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, na hapo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunitamkia. Siku ile ya kukimbia bibi yangu, mama yake mzazi, alikuwa shambani anang'oa karanga. "Nilimuwekea chakula juu ya mafiga. Alirudi akakuta nyumba haina mutu. Sikumuambia hata 'mama, ninaenda.'" Mpaka leo hatujui yaliyompata.

Siku hiyo nilizima simu ya kazi. Mama alioga, akajipaka mafuta, akavaa kile kitenge cha mjini, akaanza na ghorofa ya chini. Pale anakaa mama mmoja wa El Salvador. Miaka yote wamesalimiana kwa mikono tu na kupelekeana sahani za chakula, hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

"Muambie ninahama," mama akaniamuru. "Muambie muzuri."

Nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuombea maji. Yule mama alifuta mikono kwenye aproni, akamvuta mama yangu kifuani, akalia kwa sauti, kilio chenyewe. Mama alisimama wima, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Halafu taratibu akaipandisha, akamshika mgongo.

Tulipotoka alisimama kwenye ngazi, akashika reli.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Amenililia." Alilisema kwa majivuno, kidevu juu. "Mimi! Pale kwetu hakuna mutu alipata nafasi ya kunililia."

Akajifunga kitenge upya, akaenda kugonga mlango uliofuata kabla sijamfikia.