Nilivyojikuna mgongo kwa kifaa nisichokijua, mbele ya baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Leo najianika mwenyewe: siku niliyopeleka posa, nilijikuna mgongo kwa urithi wa baba mkwe, naye ananitazama. Chumvi sitii, stori yenyewe imeshakolea.

Ni zama zile za ruksa, biashara zimefunguliwa. Mbinga mitumba imejaa, wanunuzi wapya wa kahawa wanapishana na malori yao. Mimi nina kidato cha nne changu, shamba la kahawa na uvivu wa kutoka nyumbani. Uvivu ninao hadi leo.

Nikampenda Ester, mwalimu wa shule ya jirani, mtu wa Lundo kule ziwani. Siku moja akanigawia kapu la usipa, wale dagaa wa Nyasa, lililotumwa kutoka kwao.

Chini ya kapu nikakuta kijiti bapa cha mti mgumu, urefu wa shubiri. Mbele kimechongoka, katikati kina tundu lenye ulimi, nyuma kina panda. Kinang'aa kwa kushikwa.

Nikajua ni zawadi ya siri. Ukiuliza, unaharibu. (Msinicheke bado.)

Katekista alikigeuzageuza, akasema labda ni cha Waanglikana wa kule ziwani. Jirani yangu Mama Kapinga akasema cha kufungulia mafundo ya magunia. Akajaribu, wapi!

Mimi ndiye niliyegundua: kinafika katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Raha yake wakuu!

Siku ya posa nikavaa koti la sufu la mtumba. Kwetu milimani ni baridi, koti ndiyo heshima. Nikashuka na mjomba, mshenga wangu.

Lundo joto lake mnalijua.

Mjomba anaongea, mimi natakiwa kukaa kimya kwa adabu. Jasho linatiririka, sufu inawasha. Nikavumilia, nikavumilia, mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nikajikuna hadi nikafumba macho.

Kufumbua, mzee amesimama.

"Mshenga, hebu nyamaza kwanza. Wewe kijana, hicho umekitoa wapi?"

"Zawadi ya Ester, baba."

Jikoni Ester akaangusha sufuria.

Mzee akakichukua, akakifuta kwenye shati, akavuta wavu uliotundikwa ukutani. Akazungusha uzi kwenye ule ulimi, mkono ukaingia na kutoka, fundo, fundo, fundo. Tundu la wavu likaziba.

Sindano ya kushonea nyavu! Ilichongwa na marehemu baba yake. Nyavu za dukani zimejaa, hakuna anayechonga tena. Kumbe ilidondokea kwenye kapu wakati wa kufunga usipa.

"Miezi mitatu namlaumu mke wangu kwamba ameitia motoni," akasema.

Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi. "Haya, niombe radhi. Mbele ya wageni."

Mzee akaomba! Halafu akanivua koti, akanipa sindano nishone tundu lingine la wavu. Nilipomaliza akachungulia tundu langu: "Hapa hata mamba anapita. Binti simtoi."

"Unamtoa," mama akasema. "Huyu amenisafisha jina."

Ester yuko hapa pembeni, anasoma ninavyoandika na kunifinya.

Funzo: ukipewa kitu usichokijua, uliza kabla hujajikuna. Na wewe mkuu, kifaa gani kilishakuumbua? Tiririka hapo chini.

Nilirudi Mbinga najisifu kwamba nimekubaliwa. Mama Kapinga akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Wenzako wanapeleka ng'ombe. Wewe umempelekea mtu kitu chake mwenyewe, tena kina jasho lako."