Kabati Nililolifunga kwa Nje

Kabati la mafaili pale zahanati nililichonga mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini mbao nazijua. Muuguzi mkuu aliniambia, "Fundi, humu zinakaa siri za watu. Lisifunguke bila ufunguo wangu." Nikaranda mbao za msindano, nikakaza komeo, nikatundika kufuli kubwa kama ngumi. Nikajipiga kifua, na kifua chenyewe kibovu: faili langu la kifua kikuu lilikuwa humo humo, niko mwezi wa tatu wa dawa.

Wakati huo nilikuwa nimeposa mjane wa kijiji cha Mgwashi, mwenye shamba lake la chai. Habari ya ugonjwa sikumwambia. Nilipanga nimalize dozi, ninenepe, ndipo nimwambie.

Siku ya soko akanifuata karakana. Nikamvutia kigoda, hakukaa.

"Fundi, ningekuuguza," akasema. "Marehemu nilimuuguza miaka miwili. Lakini mimi ni wa kuambiwa na mlinzi wa zahanati? Kanitajia mpaka mwezi ulioanza dawa!"

Nikafungua mdomo kujitetea, kikatoka kikohozi. Akaondoka.

Nikapanda zahanati mbio za mgonjwa, hatua kumi, napumzika. Kufuli limefungwa, halina hata mkwaruzo. Ila skrubu nne za komeo, ambazo mimi, bingwa, nilizikaza kwa nje mbele ya macho ya kila mtu, vichwa vilikuwa vimechubuka vinang'aa. Unazifungua, komeo linatoka pamoja na kufuli lake. Ukishiba kusoma, unarudishia. Na bisibisi? Juma lililotangulia mlinzi alikuja kuiazima kwangu, eti redio inamsumbua. Nilimpa, na chai juu.

Basi wenye makosa nawataja. Mlinzi, kwa mdomo wake. Muuguzi, aliyemwonya tu akamwacha kazini, kwa kuwa mlinzi huyo ni shemeji wa mwenyekiti wa kijiji. Na fundi mmoja mwenye akili nyingi, aliyejua kuficha ugonjwa asijue kuficha skrubu.

Niliitwa kurekebisha. Nikatoboa mlango, nikapitisha bolti, nati zikabaki ndani. Aliyenishikia mlango ni mlinzi yule yule.

"Pole, fundi. Sasa halifunguki?"

"Halifunguki."

Akalivuta mara mbili. "Hapo sasa umefanya kazi," akasema.

Mjane aliolewa huko Mponde. Dozi nilimaliza, nikanenepa kama nilivyopanga. Mtu wa kumwambia ndiye sikuwa naye.