Ngazi ya Pili ya Mwamba wa Tororo

Sababu ya safari ilikuwa swali. Nilikuwa nafundisha miamba ya volkano katika kidato cha tatu, Busia upande wa Kenya, nikautaja mwamba wa Tororo, ambao siku isiyo na ukungu tunauona kwa mbali. Nafula, msichana wa dawati la mbele, akauliza, "Mwalimu, wewe umeshaupanda?" Nikasema bado. Somo hilo nilikuwa nimelifundisha miaka tisa.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tulikuwa mpakani: wanafunzi kumi na wawili, mwalimu mwenzangu Bi. Auma, na mimi. Afisa wa uhamiaji alizipitia barua za wazazi moja moja, akatuandikia vibali vya siku moja. Basi dogo tulilolikodi likatungoja upande wa Uganda.

Njiani, katika kijiji cha Tiira, tulisimama kidogo kutazama mashimo ya dhahabu. Mama mmoja alikuwa akiosha udongo kwenye karai. Alituambia mumewe yuko chini ya shimo lililo nyuma yake.

"Haogopi?" Nafula akamuuliza.

"Anaogopa. Siku ataacha kuogopa, mimi nitamkataza kushuka."

Wanafunzi waliandika. Mimi nilikuwa natazama saa.

Saa nne tulifika chini ya mwamba. Kiongozi wetu alikuwa Athieno, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya mpira. Alitueleza kwamba njia huanza kwa miti na mawe, kisha huja ngazi za chuma zilizofungwa kwenye jiwe. Yeye angetangulia, mimi nimfuate, Bi. Auma awe wa mwisho.

Ngazi ya kwanza niliipanda bila shida. Katikati ya ya pili niligeuza kichwa kuwahesabu wanafunzi. Nikaona mapaa ya mabati ya mji, madogo mno, na miguu yangu ikakataa. Sikuhisi kizunguzungu. Mikono ilishika chuma na haikutaka kuachia. Nafula, aliyekuwa nyuma yangu, alikuwa bado hajakanyaga ngazi hiyo. Akasema taratibu, "Mwalimu, tunangoja."

Athieno aliniinamia kutoka juu. "Mwalimu, wewe angalia mkono yako tu. Hii jiwe haiendi mahali. Unataka juu ama chini?"

Nilijua jibu, lakini kulitamka mbele ya watoto ninaowaambia kila siku wajikaze kulinichukua muda.

"Chini," nikasema.

"Sawa. Mguu wa kushoto kwanza."

Nafula akawarudisha wenzake nyuma ili nipate nafasi. Nikashuka kipago kwa kipago, Athieno akinitajia kila mguu. Nilipokanyaga jiwe, hakuna aliyecheka, na hilo liliniumiza zaidi. Bi. Auma akauliza kama turudi sote. Wanafunzi walinitazama. Neno langu moja lingetosha kuificha aibu yangu. Ningesema upepo umezidi, tukaondoka.

"Nendeni," nikamwambia. "Msikilizeni Athieno."

Nilikaa pale chini ya ngazi kwa muda wa karibu saa mbili. Nilizisikia sauti zao zikipanda, kisha sikuzisikia tena. Huo ndio muda mrefu kuliko wote wa safari, na sina la kuusimulia ila kwamba nilikaa.

Walirudi mchana, magoti yana vumbi. Walikuwa wameuona Mlima Elgon, moshi wa kiwanda cha saruji, na mashamba mpaka macho yalipoishia. Waliniambia kwa zamu, kama watu wanaomweleza mgeni, nami nikauliza maswali ambayo kwa kawaida huulizwa mimi.

Jioni, tukielekea mpakani, Nafula alinipa daftari nikague ripoti atakayoisoma shuleni Jumatatu. Aliandika: "Sote tulifika kileleni."

"Hii si kweli," nikamwambia.

"Tumekubaliana wote, mwalimu. Hakuna atakayesema."

"Najua. Ifute."

Alikaa na kalamu mkononi. "Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba mwalimu aliishia ngazi ya pili, akaogopa, akashuka."

Akaandika, akasita, akauliza kama anaweza kuongeza jambo. Nikamruhusu. Aliponirudishia daftari, chini ya sentensi yangu palikuwa na yake: "Alituachia tuendelee." Katika safari nzima, hilo ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri, na nusura nisilifanye.