Pipa la Mama Audrey

Lusweti alikuwa mtu wa kufundisha mambo makubwa kwa mshahara mdogo, na hakuona haya kulisema. Mwaka huo wa 1996 chuo kikuu kilikuwa kimempa somo jipya, mojawapo ya yale yaliyozuka baada ya ule mkutano mkubwa wa Brazil: dunia itaishije bila kujimaliza. Misitu, hewa, joto, maji, watu kuongezeka. Aliyasomesha hayo yote kutoka kwenye daftari lililochakaa, kisha jioni akarudi chumba chake cha kupanga mtaani Kawangware 56, ambako mkewe Annet alisuka watu nywele mlangoni na kumuuliza mbele ya wateja kama leo ameiokoa dunia au ni mpaka kesho.

Wateja walicheka, na yeye alicheka nao, lakini swali lilimchoma. Wanafunzi wake walikuwa wanajua barafu ya kule ncha za dunia inayeyuka kiasi gani kwa mwaka. Siku moja akawauliza maji waliyooga asubuhi yametoka wapi. Wote kumi na wawili wakatazamana. Mmoja akasema kwenye bomba, mwalimu, na hakuwa anafanya mzaha. Hapo Lusweti akakasirika kweli. Akafunga daftari na kuwaambia kwamba Alhamisi wataifuata paipu moja tu, mwanzo mpaka mwisho, na yeyote atakayevaa viatu vya kanisani ashauriane na matope mwenyewe.

Paipu aliyoichagua ilikuwa Kisumu Ndogo, Kibera. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, imepita kando ya mtaro kutoka juu mlimani mpaka karibu na mto, ikigawa maji kwa ploti saba, kila ploti mfereji mmoja. Waliamua kuanzia chini na kupanda.

Kwenye ploti ya chini kabisa ndiko walikomkuta Kageha, Mluhya wa kutoka Vihiga aliyefua nguo za watu. Alikuwa peke yake. Mtoto wake Billy, mwenye mwaka mmoja, alikuwa amelazwa tangu Jumapili kwa kuhara na kutapika, na baba yake ndiye aliyebaki naye hospitali usiku wa kuamkia siku hiyo. Kageha aliwaeleza kwamba kwenye paipu hii watoto watano wameugua ndani ya wiki tatu, lakini ng'ambo ya kijia, kwenye paipu ya tajiri mwingine anayeuza maji, hakuna hata mmoja. Wanafunzi wakaandika. Halafu akasema jambo ambalo Lusweti alilisikia bila kulitilia maanani: kwamba mfereji wake una baraka. Maji yakikatwa Kibera nzima, wake bado hutoa kidogo, polepole, kwa saa nzima. Hayo ndiyo aliyokuwa akimpikia Billy uji, kwa kuwa yanakuja yametulia.

Msichana mmoja, Wakarima, ambaye kazi yake darasani ilikuwa kumsumbua Lusweti kwa maswali, akauliza paipu inaanzia wapi. Kageha akaonyesha juu kwa kidevu. Akashusha sauti. Akawaambia wakifika kwa Mama Audrey wasiguse pipa lake.

Kwa maelezo ya Kageha, huyo Mama Audrey jina lake ni Mildred, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, na Audrey alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka minne. Ndiye aliyeugua wa kwanza. Wanawake wa ploti wakamwambia mama asithubutu kumpa mtoto maji, kwani maji yanaongeza kuhara. Usishangae. Hata mamake Lusweti kule Bungoma aliamini hivyo hivyo, na wengi Kawangware bado wanaamini. Mildred akaficha kikombe. Mtoto akalia maji siku mbili, akimtaja kila mtu aliyemjua ampe, mpaka sauti ikaisha, kisha yeye mwenyewe akaisha. Walimzika nyumbani, Nyakach. Mama aliporudi Nairobi, pipa likaanza kushuka. Alikuwa analijaza, anafunga mlango kwa kufuli, anaenda sokoni, na akirudi maji yamepungua vidole vinne, vitano, na sakafu ni kavu. Ploti nzima ilijua ni nani anayekunywa.

Wakarima alitabasamu aliposikia hayo. Hakutabasamu tena siku hiyo.

Walipofika juu ilikuwa saa nne na maji ndiyo yamekatwa. Mama Audrey aliwakaribisha vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, na aliongea nao kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Chumba hakikuwa na dirisha. Pipa la bluu lilisimama nyuma ya mlango, wazi, limejaa mpaka karibu na mdomo, na juu ya maji kilielea kikombe kidogo chekundu cha plastiki. Hakikuwa kimeoshwa tangu mtoto alipokitumia. Mama alisema hawezi kumfutia mwanawe alama ya mdomo. Kutoka mfereji wa nje mpira wa kupitishia maji uliingia kupitia tundu la mabati na kuzama ndani ya pipa. Kila ploti kwenye paipu hiyo ilifanya hivyo, mfereji unaachwa wazi na mpira ndani ya pipa mchana na usiku, ili maji yakirudi yasikupite ukiwa kazini.

"Subirini kidogo," akasema. "Saa yake imefika."

Wakasubiri, wamesongamana mlangoni. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu mpira ukatoa sauti ndogo ya kumeza. Kikombe kikatikisika, kikageuka polepole, kikaanza kushuka. Maji yalikuwa yanapungua mbele ya macho yao, hakuna aliyeyagusa, na ukingo uliolowa ukazidi kuonekana ndani ya pipa. Kijana mmoja akaanza kusali kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Mama Audrey akainamia pipa.

"Kunywa, nyathina," akamwambia mtoto wake kwa sauti ya kubembeleza. "Kunywa ushibe. Hakuna atakayekukataza."

Lusweti nywele zilimsimama. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, alitaka kukimbia. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi tatu aliamini kabisa kwamba mtoto yuko chumbani. Kisha macho yake yakaufuata mpira, kutoka ndani ya maji, kupita tundu, mpaka mfereji ulio wazi, na akakumbuka mfereji wenye baraka kule chini. Woga ukamtoka na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi.

Alimnong'oneza Wakarima ashuke mbio akafunge mfereji wa Kageha, asieleze chochote. Dakika zilipita. Kikombe kilikuwa kinashuka. Ghafla kikasimama, na mpira ukanyamaza.

Mama Audrey akanyoosha mgongo na uso wake ukalegea kwa furaha. "Ameshiba," akasema.

Wakarima alirudi anahema, uso umempauka. Alimkuta Kageha ameshajaza sufuria. Tayari iko jikoni. Ni uji wa kupelekea Billy hospitali.

Hapo Lusweti angetoa kila kitu asiwe mwalimu. Alitafuta uongo mdogo wa kumsaidia. Angemwambia afunike pipa kwa ajili ya vumbi? Asingelifunika, mtoto angekunywaje? Autoe mpira? Majirani wote wana mpira, atauliza kwa nini wake tu. Na hapo chini uji unachemka, na uji ukishapoa mama wa watu ataongeza maji mabichi kama kawaida. Akawaomba wanafunzi watoke, akavuta kigoda, akaketi.

Alimweleza polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, maneno yote ya chuo ameyaacha. Kwamba maji yakikatwa paipu inabaki tupu na walio chini wakifungua mifereji yao inavuta kutoka juu. Kwamba inavuta popote penye mpira uliozama, na ilinyamaza pale mfereji wa Kageha ulipofungwa. Kwamba pipa hili ndilo la juu kuliko yote, na kikombe kile kimeacha ugonjwa wa mtoto ndani yake. Mama Audrey alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akamwomba aufungue tena ule mfereji wa chini, na Lusweti akampungia Wakarima mkono pale nje ashuke tena. Mpira ulipoanza kumeza, mama akautoa majini na kuweka kiganja kwenye mdomo wa mpira. Ukamvuta ngozi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mkono umeshikwa, amefumba macho.

"Na Billy?" akauliza.

"Billy amekunywa hapa, Mama Audrey."

Hakulia. Alitoa mkono, akautundika mpira juu kwenye msumari, akajifunga leso na kushuka mlima. Lusweti alimfuata akitaka kumsaidia kusema, akakatazwa kwa kutazamwa tu. Mama Audrey alisimama mbele ya jiko la Kageha na kumwambia mwenyewe, yote, kikombe pia. Kageha akainua sufuria na kumwaga uji mtaroni, na akaomba mtu amletee maji ya ng'ambo.

Siku nane baadaye Lusweti alirudi peke yake. Nisikufiche, alirudi akiwa amevimba kichwa. Billy alikuwa ametoka hospitali, amekonda lakini anapiga kelele. Ploti zote saba zilikuwa zimetundika mipira juu ya mapipa, hakuna mtoto mwingine aliyeugua, na wanafunzi walikuwa wameandika insha nzuri kuliko zote alizowahi kusahihisha. Jana yake Annet alipomuuliza kuhusu kuiokoa dunia, alimjibu kwamba amemaliza paipu moja. Akapanda kwenda kumshukuru Mama Audrey.

Alimkuta ameketi gizani, karibu na pipa. Sasa lilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko kikombe chekundu kilikuwa kimeoshwa kikang'aa. Walisalimiana. Lusweti akamweleza kuhusu Billy, naye akasema anajua, Kageha alikuwa hapa. Kageha amemsimulia jinsi wauguzi walivyokuwa wakimpa Billy maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, usiku kucha, na akitapika wanangoja kidogo kisha wanampa tena. Ndiyo dawa iliyomponya.

Somo hilo, kwamba anayehara ndiye hasa wa kupewa maji, Lusweti alilijua siku zote, na siku ile alikuwa amelipita bila kulisema.

Mama Audrey akainua kifuniko ili aone. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mdomo, meusi kwa giza la chumba, na hayakutikisika hata kidogo.

"Hayajashuka, mwalimu," akasema. "Siku nane. Nimeyalinda mchana na usiku, hayajashuka hata kidole." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo mtoto bado ana kiu."

Akachota maji kwa kile kikombe, akakaa nacho mkononi, asinywe wala asimwage. Lusweti akaaga na kushuka mlima.