Siku Mama Alipofunga Mkoba Wake

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linachoma mabati ya mtaa wa Gatina, Nairobi, nami nimeinamia kompyuta katika chumba tulichopanga na mume wangu Wafula. Mama yangu mzazi alikuwa ametoka Vihiga kuja kunisaidia kulea binti yangu Imani, aliyekuwa bado ananyonya.

Wakati huo nilikuwa na programu yangu mwenyewe, hakuna aliyeniajiri. Shule ndogo za chekechea kule Kibera ziliitumia kuwapasha wazazi habari: mwalimu anaandika ujumbe mmoja, wazazi wote wanaupata kwenye simu. Kazi ile niliipenda, na sioni haya kusema nilikuwa hodari. Lakini nilijiona mimi ndiye nguzo, nikipumzika tu paa litaanguka. Wafula akitoka kazini anapika, Mama anaogesha mtoto, mimi nabonyeza kompyuta.

Basi Imani akalia. Nikamnyooshea mikono, naye akanigeuzia kisogo, akamng'ang'ania nyanya yake shingoni. Nilicheka, nikarudi kwenye kazi. Mama hakucheka. Alimbembeleza mpaka akalala, kisha akavuta mkoba wake chini ya kitanda, akaanza kukunja leso zake. Nikamuuliza kwani anaenda wapi.

"Narudi nyumbani," akasema. "Kageha, nilikuja kuwa nyanya ya huyu mtoto. Sikuja kuwa mama yake."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaanza kumweleza habari za shule na wazazi wanaonitegemea. Akasema hajaniambia niache kazi. Yeye mwenyewe alilima na kuuza ndizi sokoni akiwa amenibeba mgongoni. "Lakini jua likizama niliweka jembe chini. Wewe lako unalala nalo."

Simu ikalia hapo hapo. Alikuwa Mwalimu Zainabu, mwenye shule pale Sarang'ombe, huko huko Kibera. Ujumbe wake wa mkutano wa Jumatano ulikuwa umekwama tangu asubuhi. Mama alinitazama, leso mkononi. Niliona nampoteza mteja, lakini nikamwambia, "Mwalimu, leo niko na mtoto. Nitaangalia Jumatatu asubuhi."

Akacheka. "Kumbe uko na mtoto? Mimi nilidhani wewe ni ofisi. Hata mimi nimepika hapa, nangoja wanangu waje wale. Jumatatu ni sawa."

Mama akarudisha mkoba chini ya kitanda.

Jumapili tulienda kanisani, tukarudi tukala, nikajilaza na Imani mpaka sote tukapitiwa na usingizi. Jumatatu nilifungua kompyuta, na chai ilikuwa haijapoa nilipoliona kosa, nikalisahihisha na ujumbe ukaenda. Nililiweka mimi mwenyewe Ijumaa, nikirekebisha kitu kisicho na hitilafu kwa macho mazito ya usingizi. Ndiyo maana wazee wakasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wiki hiyo niliziarifu shule zote saa zangu za kazi. Moja iliondoka, na iliniuma, sikufichi. Zilizobaki zilizoea upesi, zikaleta na nyingine. Mama alikaa nasi mpaka Imani akatembea, na hatua za kwanza alizipiga akija kwangu.

Sasa wewe mwanangu, unayejenga kitu chako bila bosi, sikia. Tamani makubwa, jitume, usimwombe mtu radhi kwa kupenda kazi yako. Ila kwa kuwa huna bosi wa kukwambia nenda nyumbani, jiambie mwenyewe. Weka saa ya kufunga, na mteja aijue mapema, kabla hajakasirika. Ukichoka, usiguse kinachofanya kazi, lala kwanza. Na walio nyumbani usiwape mabaki ya siku. Mteja akinuna atatulia, lakini mtoto hakui mara mbili.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe usingizi mtamu, na kila ukifungua mlango wako ukute wanaofurahi kukuona.