Kopo Nililolipangusa

Kwetu Mugeta, huku Bunda, maji yanatoka mbali. Mtu akisuuza kikombe kwa maji safi halafu akayamwaga, watu wanamwangalia kama hana akili. Sisi tulikuwaga tunapangusa. Kikombe, sufuria, kopo la kukamulia, vyote kitambaa tu. Mama aliwahi kunichapa kwa kumwaga nusu ndoo, na nilistahili.

Akili hiyohiyo ndiyo niliyoingia nayo Musoma, kujifunza kutunza maji ya bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na binti wa vijiji vya wavuvi, na nafasi ya kazi ilikuwa moja. Binti alinishinda kwa kila kitu. Akiyaangalia maji tu, anakwambia klorini imepungua, na ukipima unakuta kweli. Halafu ananitania, "We mtu wa ng'ombe, haya si ya kunywesha mifugo!" Nilikuwa nacheka, lakini roho inaniuma.

Mwalimu wetu, mzee mkali, alituwekea sheria moja kubwa: asidi na klorini zisikutane, zikikutana zinatoa hewa ya sumu; kila moja ina kopo lake. Makopo yalifanana, tuliyajua kwa mahali yalipokaa. Siku moja nikakuta la klorini limepasuka, nikalitupa. Nikachukua la asidi. Lilikuwa limekauka karibu lote, asidi imebaki kidogo tu chini. Bomba lilikuwa hatua tatu tu. Mimi nikatoa kitambaa, nikalipangusa vizuri kabisa, nikaliweka juu ya pipa la klorini, nikatoka kwenda kuosha chujio.

Binti akaingia, akalichukua, akachota.

Nikasikia kikohozi. Nilipofika mlangoni pipa lilikuwa linafuka moshi wa njano, na yeye yuko chini kashika shingo. Nikabana pumzi, nikamburuta mpaka kwenye nyasi. Jamani, kikohozi kile! Alikuwa anatoa povu lenye damu, macho hayafunguki, na mkono wake umening'ang'ania shati.

Gari lilipomchukua kumpeleka hospitali, mwalimu akaingia stoo, akakuta mahali pa kopo la asidi patupu, akatoka na lile kopo. "La asidi! Nani kalitia kwenye klorini?"

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua.

Akajijibu mwenyewe. "Si alikuwa nalo yeye mkononi? Ujuaji huo! Nimesema mara ngapi?"

Nikanyamaza. Nikanyamaza alipolazwa, nikanyamaza nilipopewa kazi, na sifa juu: kijana aliyemwokoa mwenzake. Mwoga mkubwa mimi.

Miezi ikapita. Siku moja mlinzi akaniita getini, kuna mama ananiulizia. Alikuwa amebeba sato wawili kwenye kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyemtoa binti yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema binti hawezi tena kubeba ndoo, akitembea kidogo anakaa chini kutafuta pumzi. "Lakini yu hai. Yu hai kwa sababu yako."

"Yeye anasemaje?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Ah, huyo! Anasema kopo alilikuta juu ya pipa, kuna mtu aliliweka. Baba yake kamgombeza, aache kusingizia watu. Siku hizi hasemi tena."

Akaninyooshea kikapu. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.