Nilimfungia Mjomba Kisima, Sasa Nakula Peke Yangu

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani wala ukame. Mimi ndiye niliyeuangusha ukoo wetu, na leo naishi Waberi, mjini Garissa, katika nyumba kubwa ambayo hata wa kunijibu salamu hayupo.

Babu yangu alichimba kisima huko nje ya Modogashe akiwa na ngamia wachache tu. Maji yalikuwa matamu, wallahi! Mifugo ikaongezeka, watu wakasogea karibu. Kufikia wakati wa baba yangu, jina letu lilifika hadi Mandera. Watu wakigombana, baba, aabo kama tulivyomwita, ndiye aliyeitwa kuwapatanisha. Na hakumnyima mtu maji hata siku moja.

Aabo alipofariki, nikashika usukani mimi, mwanawe mkubwa. Nilikuwa nimesoma Nairobi, nikajiona nina akili kuliko waliotangulia. Nikakizungushia kisima uzio, nikaweka geti na kufuli. Loo, kiburi!

Mvua ikakatika. Siku moja akafika abti, mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa ametembeza ngamia wake kutoka upande wa Bute, wamebaki mbavu.

"Fungua, mwanangu. Wanywe tu, tuendelee."

"Abti, maji yamepungua. Haya ni ya wanyama wetu peke yao."

Mama akatoka nje mbio. "Huyu ni ndugu yangu! Unamfungia nani?"

Nikatia ufunguo mfukoni. Abti akasema, "Basi, Mungu akutosheleze." Akageuza ngamia wake. Wengine walianguka kabla hawajapotea machoni petu. Niliona! Na bado sikufungua.

Haukupita muda mrefu, ukuta wa kisima ukaporomoka ndani. Kukizibua ni kazi ya wanaume wengi. Aabo angepaza sauti tu, wangejaa. Mimi nilizunguka kila boma nikiomba. Waliniitikia salamu kwa heshima, wakanipa chai. Hakuna aliyekuja.

Tukahama tumechelewa. Njiani hakuna aliyetuambia malisho yako wapi. Ngamia wetu wakafa mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu akachukua waliobaki, akaenda zake bila kuniaga. Mama akaenda Bute kwa kaka yake. Mimi nikahamia Garissa, kwenye nyumba niliyokuwa nimeijenga tukiwa bado na mali.

Jamani, upweke! Sikukuu inafika, napika chakula, natandika mkeka mrefu sebuleni. Nasikia majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Nakula kidogo, nakunja mkeka.

Mwishowe nilikwenda Bute kuomba msamaha. Abti hakuniacha nimalize. Aliniletea maziwa kwa mikono yake.

"Kunywa. Nilikusamehe siku ile ile."

Nikayanywa. Nikamgeukia mama, nikamsihi turudi pamoja Garissa. Akanishika kichwa kama zamani.

"Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Lakini nyumba yako haina watu. Nitazungumza na nani?"

Nikarudi peke yangu.

Nilidhani nikisamehewa kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Sivyo! Watu wakishazoea kuishi bila wewe, msamaha hauwarudishi. Wewe unayesoma haya, kama yuko mtu uliyemfungia mlango, nenda ukamfungulie leo, wakati bado anataka kuingia.